Maji Matamu Uliyoyamwaga kwa Ajili ya Nzou

Mwikali,

Salamu sikupi. Salamu ni za watu wanaoongea, na mimi na wewe hatuongei tangu ile Jumamosi. Kama wewe ni mzima, nimekuona mwenyewe kwa dirisha ukifunga mizigo. Kama mimi ni mzima, umenisikia nikikohoa. Hiyo inatosha.

Ninaandika mchana huu nikiwa kwa kivuli cha stoo, wewe umeshuka Mbumbuni kuwaaga akina mama wa kanisa. Anti yako Ndunge ameniambia niache ukaidi niongee na wewe kwa mdomo kama mtu. Nimemjibu kwamba mdomo wangu umeshafanya kazi ya kutosha mwezi huu. Barua nitaiweka kwa kiti cha dereva, chini ya kile kitambaa chako cha kufutia oili, mahali ambapo hata ukitaka kuikwepa utaikalia.

Kesho asubuhi usinitafute. Sitakuwa kwa lango nikipunga mkono kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Nitakuwa mtoni na kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, tunabeba mawe ya bwawa la mchanga, na hata nikisikia hiyo gari ikipita barabarani juu yetu sitainua kichwa. Waambie hao watu wa kambi unaoenda kuwafanyia kazi kwamba mjomba aliyekulea ni mtu wa namna hiyo. Kambi ya kuhesabu tembo. Nimelea mtoto tangu akiwa na meno mawili ya mbele, sasa anaondoka kwenda kuendesha watu wanaohesabu tembo huko chini ya Voi, kama kwamba tembo wamewahi kukosa.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kupiga simu na ya kutompatia mwanaume yeyote usukani wako, anti yako amekwambia yote. Mimi siyarudii. Nitaongea juu ya kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote kati ya Kitui na Makueni, na hapo sijigambi, ulizia: joto la injini.

Najua umecheka hapo. Cheka. Wewe ulienda chuo cha ufundi, mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo unafikiri joto lilianza siku ulipopewa cheti. Mtoto wewe, mimi nimechemsha injini kwa milima na kwa tambarare, nikiwa na mzigo na nikiwa mtupu. Mutomo, Mwingi, Ikutha, kila mahali kuna jiwe ambalo madereva wenzangu waliliita kwa jina langu, kwa sababu ndilo nililokalia nikingoja gari ipoe. Hakuna mtu wa huku amechemsha kama mimi. Wengine walichemsha mara moja wakauza gari. Mimi nilichemsha na nikaendelea.

Ile ya uji unaijua. Hosi ya rejeta ilipasuka nikitoka Mutomo na magunia ya ndengu, jua lile la kupasua kichwa, maji hakuna hata ya kutema. Nikafunga hosi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Wakapita akina mama wakitoka kwa harambee na pipa la uji wa wimbi lililobaki. Niliomba, nikapewa, nikamwaga wote kwa rejeta, nikaendesha mpaka Kitui mjini. Watoto walikimbia nyuma ya gari na vikombe kwa sababu ya harufu. Askari wa trafiki aliyenisimamisha alitaka kuniandikia makosa, nikamfungulia lile bomba dogo la chini ya rejeta, akaonja, akasema uji umeiva, nipite. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniomba nirudie hiyo habari mpaka unalala. Siku hizi nikiianza unaangalia simu. Usifikiri sijaona.

Hiyo ndiyo gari uliyoichukua. Nzou. Mimi ndiye niliyeipa jina, kwa sababu siku niliyoileta nyumbani nyanya yako alitoka jikoni, akaiangalia ile pua na yale masikio ya vioo, akasema kwa Kikamba kwamba mwanawe ameleta nzou, yaani tembo. Nikachora tembo kwa bati, bati kubwa, nyekundu na nyeupe, nikaifunga mbele kabisa ya gari juu ya kile kimia cha kuingizia hewa, ili mtu akiniona kwa mbali ajue ni nani anakuja. Na walijua. Kathonzweni walikuwa wanafungua geti la soko kabla sijapiga honi.

Wewe ulipoanza kuishika hiyo gari, kitu cha kwanza ulichotoa ni tembo wangu. Hukuuliza. Ulichukua spana ukamfungua, ukamtundika kwa zizi la mbuzi. Nilipokuja ukanieleza, ukiwa umelala chini ya gari, nikiongea na miguu yako, kwamba bati inaziba hewa, rejeta inapumulia pembeni kama mtu aliyewekewa mto usoni. Maneno yako hayo. Miaka yote mimi nazunguka na gari niliyoiwekea mto usoni.

Halafu ukaniuliza thamostati iko wapi, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto. Nikakwambia niliitupa, kama kila dereva mwenye akili wa huku. Gari ikianza kuchemka unatoa thamostati, maji yapite huru, nani hajui hiyo. Ukatoka chini ya gari na uso wa mwalimu. Ukanichorea kwa mchanga, na kijiti. Kwa injini ya aina hii, ukasema, ile thamostati ikifunguka inaziba kijia cha pembeni. Ukiitoa, kile kijia kinabaki wazi, maji ya moto yanapita hapo yanarudi kwa injini bila kufika kwa rejeta. Yanazunguka yakiwa moto tu. Nilisimama hapo nikiangalia mchanga. Nilitaka kufuta mchoro wako na kiatu. Nilifuta.

Na ule mduara wa plastiki unaozunguka feni, nilioukata nikafanya chombo cha kulia kuku, huo nao ukaniambia nilikosea, eti bila huo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kuku wangu wamekulia hapo tangu ukiwa darasa la nne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho hicho chuo hakikukufundisha, kwa sababu hawakukufundisha wewe umetoka wapi.

Wewe umekua na tangi nyumbani. Mvua inanyesha kwa bati, inaingia kwa tangi, unafungua bomba. Mimi nilikua tukichimba mchanga wa mto. Mama alikuwa anaingia shimoni mpaka mabega, anachota kwa kibuyu, anangoja maji yajikusanye tena, anachota. Maji hayo yakiwa ya juu ni matamu. Ukichimba sana yanakuwa ya chumvi. Kwa hivyo mtoto wa huku alijifunza kabla hajajifunza kusoma: maji matamu ni ya mtu. Ni ya chai, ya mgonjwa, ya mgeni. Maji ya kisima yale ya chumvi ni ya ng'ombe, ya kufyatulia matofali, na gari zilipokuja zikawekwa hapo kwa ng'ombe. Hakuna aliyeandika sheria. Lakini mtu angekuona ukitia rejeta maji ya mtoni wakati mama wa jirani anapanga foleni shimoni, jina lako lingefika kanisani kabla yako.

Kwa hivyo mimi niliipa Nzou maji ya kisima, na niliipa nikijivunia. Nilikuwa na adabu. Wengine walikuwa wanachota kwa matangi ya shule kisirisiri, mimi kamwe. Na ile chumvi ikawa inajenga ndani. Unajua birika ya anti yako ile ya zamani, vile imeshika ukoko mweupe ndani mpaka maji ya kikombe kimoja yanachukua muda wa kuchinja kuku kuchemka? Nzou ilikuwa hivyo ndani, vijia vyote vya rejeta. Mimi natoa thamostati, nakata plastiki, nainua boneti kwa vipande vya mbao ili joto litoke, na ugonjwa uko kwa kile kitu nilichokuwa nikiinywesha kwa heshima.

Ikafa nikitoka Kathonzweni. Nilikuwa nimebeba kupita kiasi, hilo nalo nimelifanya mara nyingi na nikafika. Mshale wa joto ulipanda nikaupiga kofi, kwa sababu nilidhani umekwama. Ukazidi kupanda. Nikasema nifike pale kwa maduka. Kabla ya maduka injini ikapiga kelele kama mtu aliyekanyaga msumari, moshi mweupe ukajaa barabara, ikanyamaza. Nilipovuta kijiti cha oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hedi, kile kichwa cha injini, imepinda, gasketi ya chini yake imeungua. Niliivuta mpaka nyumbani kwa ng'ombe wangu wanne, kutoka Kathonzweni, na ng'ombe hao siku iliyofuata wakalima. Kama hutaki kuamini usiamini.

Ikakaa kando ya zizi miaka, wewe ukaenda chuo, ukarudi. Na siku moja pale kwa mashine ya kusaga ya Kilonzo, watu wakiwa wamejaa wakingoja unga, ukasema unaweza kuifufua. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Nikasema kwa sauti, wote wakisikia, kwamba ukiifufua hiyo maiti uichukue, ni yako, na mimi mwenyewe nitakuoshea. Kilonzo akasema, "Musyoki, tumeyasikia hayo." Unamjua Kilonzo, tangu tukiwa vijana anangoja siku nitakayosema kitu ambacho hakiwezi kurudi. Kwa hivyo mdomo wangu ulishakupa gari yangu, na nimevumilia. Sikukataa ulipoinua hedi ukaipeleka kusawazishwa. Sikusema neno ulipoleta gasketi mpya, na thamostati, na mduara mwingine wa plastiki uliotoa kwa gari iliyoanguka. Nilivumilia mpaka ile Jumamosi.

Mvua ilikuwa imekataa. Tangi nikiligonga linasikika tupu mpaka karibu na chini. Anti yako alikuwa anaosha vyombo kwa maji ya kisima, na hayo ya kusuuzia anayapeleka kwa miche ya sukuma. Mimi nikatoka kwa boma la ng'ombe nikakuta matope. Matope mbele ya nyumba, mwezi wa ukame. Na wewe umesimama na hosi kutoka kwa bomba la tangi, umeiingiza kwa rejeta, maji matamu yanaingia juu, yanatoka chini yakiwa meupe kama maziwa ya unga, yanaenda ardhini. Na Kilonzo amesimama kwa ua, ameweka mikono kifuani kama mtu aliyekata tiketi.

Nilikuuliza unamwaga nini.

Ukasema, "Ni chumvi, Anko. Lazima itoke yote. Ya kisima itaongeza nyingine."

"Hayo ni maji ya kunywa."

"Najua. Ni ya leo tu. Hii gari itaenda mahali pa joto kuliko hapa. Ikichemkia huko niko peke yangu."

Ungenyamazia hapo labda ningenyamaza pia. Lakini hosi hukuifunga. Ulikuwa unaniongelesha na maji yanatoka. Nikachukua sanduku lako la spana nikalitupa kwa mtaro wa shamba, na nikasema lile neno. Chukua hiyo gari uende, na usikanyage hapa tena. Nilisema kwa Kikamba, ambako linauma zaidi, na nililisema wakati Kilonzo ana masikio.

Na wewe ukazima bomba. Polepole, ukaangalia kama linadondoka. Ukasema, "Anko, wewe hujawahi kupoza kitu maisha yako yote. Kikianza kupoa unakipasha."

Kilonzo alikohoa kile kikohozi chake cha kicheko. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinanitupia hilo neno. Nikiomba chai kwa hoteli, wanauliza niletewe ya moto ama iliyopoa. Ulinifanyia hivyo, mtoto niliyembeba mgongoni kupita mto ukiwa umefurika, maji yakinifika hapa kwa kidevu, na mamba mmoja nyuma yetu.

Jioni nilishuka Mbumbuni nikanunua kufuli, nikafunga bomba la tangi. Kufuli kubwa, ile ya duka. Kabla ya giza kila mtu alijua imefungwa kwa sababu yako. Tangu hapo hujaniomba maji. Nimekuona ukienda kwa Kilonzo na mitungi ukirudi nayo mitupu, kwa sababu tangi la Kilonzo lilikauka kabla ya letu na anaona haya kusema. Nimekuona ukiichungulia mitungi yako ya safari, ile ya kuweka nyuma ya kiti. Mitupu. Unaondoka kesho kwenda chini ya Voi na gari ya zamani na mitungi mitupu, na kisima ndicho kiko wazi, na wewe afadhali ufe kuliko kutia maji ya kisima kwa hiyo rejeta. Na afadhali ufe kuliko kuniomba. Kichwa ngumu. Sijui uliitoa wapi.

Sasa sikiliza hii. Juzi ulipoenda Wote mambo ya leseni, mimi niliichukua Nzou. Usiulize ufunguo nilitoa wapi, hiyo gari ilikuwa yangu kabla hujajua kutembea. Niliijaza mawe ya mwethya, nikaijaza mpaka springi zikalala, nikaipeleka ule mlima wa kwenda Mbooni, saa ya jua kali, gia ya chini. Nataka ujue kwa nini nilienda. Nilienda ili ichemke. Nilitaka ichemke hapo juu mbele ya watu, niirudishe ikivutwa, na usiende popote.

Niliangalia ule mshale kuliko nilivyoangalia barabara. Ukapanda kidogo, ukafika karibu na katikati, ukakaa. Nikakanyaga mafuta. Umekaa. Kona ya kwanza, kona ya mawe, pale ambapo Nzou haikuwahi kupita bila kunifanya nishuke na mtungi, mshale umekaa. Mlima huo nimeupanda miaka mingi nikiwa nasali, na juzi nikaupanda nikiwa natukana. Juu kabisa nikazima injini ghafla kwa hasira, na mshale ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Nikafurahi. Bwana anisamehe, nilifurahi mpaka nikapiga usukani kwa mikono miwili. Halafu nikawasha tena, ukashuka wenyewe, ukarudi mahali pake. Nikashuka nikapiga tairi teke, na kidole kimevimba mpaka leo.

Lakini hapo nimekuonyesha kitu. Ukitoka mlima mrefu ama mwendo mkali, usizime ghafla. Maji yanasimama, chuma bado ni moto, na joto lote linapanda juu kwa hedi. Iache ingurume polepole kidogo, ndipo uzime. Hiyo mimi sikusomea. Niliipata juzi nikikuombea mabaya.

Na ukiwa kwa barabara kuu, Kiboko ikiwa nyuma yako na unateremka kwa joto la chini, upepo ukikupiga kutoka nyuma na uko polepole nyuma ya lori, hapo angalia mshale kwa macho mawili. Upepo wa nyuma unatembea na wewe, rejeta haipati kitu. Wacha lori liende. Ukiona mshale unapanda, usiupige kofi kama mimi. Punguza mwendo, fungua hita yote, hata kama jua linawaka na utaiva humo ndani. Bora uive wewe kuliko hedi. Na nyasi na mbegu za njiani zitajaa mbele ya rejeta. Osha ukianzia ndani kwenda nje, nimekuona ukifanya hivyo, na mimi nilikuwa naosha kutoka nje nikizipigilia ndani. Basi.

Jambo lingine ni la mkono wangu. Umeniuliza tangu mtoto juu ya hii alama inayotoka kwa kiganja mpaka kwa kiwiko, na nimekwambia ni chui wa Kiboko, nilipokuwa nabeba mbegu za mtama. Chui alikuwepo. Hilo silibadilishi hata mbele ya pasta. Alikuwa amelala juu ya jiwe, mkia unaning'inia, na mimi chini nimefungua boneti, gari inatoa mvuke. Nilikuwa na haraka. Nikavua shati, nikalizungushia mkono, nikafungua kifuniko cha rejeta. Kilichonishika hakikuwa na kucha. Kilitoka na maji yakipiga mluzi, kikanipeleka chini, na yule chui aliposikia nikilia alikimbia akavuka barabara, sijawahi kuona mnyama akiogopa namna hiyo. Wewe ukitaka kuendelea kuwaambia watu ni chui, waambie ni chui. Lakini wewe mwenyewe usiguse hicho kifuniko mpaka uweke kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo ukisema Baba Yetu mpaka Amina, bila kuruka. Ukishindwa kufika Amina, bado ni moto. Kaa chini kwa kivuli. Hakuna mtu anayekungoja anayestahili ngozi yako.

Na mimi ndivyo nilivyo sasa hivi. Huwezi kuniwekea kiganja. Ndiyo sababu sitakuwa kwa lango, ili nisiseme kingine ambacho Kilonzo atakisikia.

Tembo wangu nimemtoa kwa zizi. Nimemfunga nyuma ya gari, kwa mlango wa nyuma, ambako hazibi kitu. Usimtoe. Wale utakaowapita watataka kujua wamepitwa na nani.

Sasa angalia ndani ya bahasha. Hicho unachosikia kikilia humo ni ufunguo wa kufuli ya tangi. Kufuli ilikuja na mbili, mmoja uko na anti yako, huu ulikuwa kwa shingo yangu. Asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua bomba ujaze mitungi yote miwili, mpaka juu. Tangi litashuka mpaka chini kabisa, najua, nililigonga leo. Mvua ikija imekuja, isipokuja tutashuka mtoni kama tulivyokua. Ukimaliza, funga kufuli uivute uone imeshika. Ukimwaga tone, nitaliona.

Halafu ufunguo usiuweke chini ya jiwe, na usimwachie Ndunge. Nenda nao. Kilonzo tumepakana naye tangu ujana na hana ufunguo wa tangi hili. Pasta hana. Mwenye ufunguo wa hili tangi ni mtu wa hii nyumba, na mtu wa hii nyumba anakanyaga hapa siku anayotaka, hata mjomba wake akiwa amesema nini.

Mimi kuanzia kesho nikitaka maji ya chai nitamwomba anti yako, mbele ya watu, kama mgeni. Umefurahi sasa.

Mjomba wako,
Musyoki